Nyimbo tatu za Abdullah Ibrahim kwa mtu mzima anayeanza piano: shajara ya mradi

4 Februari 2024: Tunachokusudia

Mume wangu ameamua kujifunza piano ukubwani, na hataki kuanza na nyimbo za watoto. Anataka kuanza na mpigaji anayempenda kuliko wote, Abdullah Ibrahim wa Afrika Kusini. Lengo kaliweka mwenyewe: nyimbo tatu zipigike kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama, ifikapo tarehe 9 Oktoba, siku ambayo mzee huyo anatimiza miaka 90. Nyimbo zenyewe ni "Mannenberg", "The Wedding" na "Bra Joe from Kilimanjaro".

Kazi yangu ni kutunza shajara hii, kurekodi mazoezi na kuhangaika na nyaya na mipangilio ya vyombo. Si mwalimu wa piano. Ninachokijua ni solfa ya kwaya, do re mi, na yeye anachokijua ni rekodi. Anazijua hasa. Mguse kidogo tu atakupeleka Cape Town mwaka 1934, alikozaliwa Abdullah Ibrahim kwa jina la Adolph Johannes Brand. Atakusimulia jinsi alivyovuma kwa jina la Dollar Brand, na jinsi Duke Ellington, kiongozi mashuhuri wa bendi ya jazi wa Marekani, alivyomsikia Zürich mwaka 1963 akamwingiza studio Paris. Mapenzi ya namna hii ni mtaji, na sehemu kubwa ya shajara hii inahusu namna ya kuutumia.

18 Februari: Oktavu 5 hazitoshi

Tulianza na kinanda kidogo tulichokuwa nacho, chenye vitufe 61. Kwa kujifunza majina ya noti na kuzoesha vidole kinafaa kabisa. Kwa muziki huu kimekwama upande wa kushoto. Abdullah Ibrahim hupenda kukaa chini, kwenye besi. Mkono wake wa kushoto hupiga noti nzito zinazovuma chini ya kila kitu, na huko chini kinanda cha oktavu 5, yaani kutoka do hadi do mara tano, hakifiki. Tukishusha sauti oktavu nzima kwa mpangilio wa kinanda chenyewe, besi inapatikana lakini mkono wa kulia unaishiwa nafasi juu.

La pili ni uzito. Chetu hakitofautishi mguso mzito na mwepesi, kwa hiyo besi na melodi zinatoka kwa nguvu ileile na wimbo unasikika bapa. Mtu anaweza kukaa miezi kwenye kitufe cha namna hiyo asijue kwamba vidole vyake havilingani nguvu.

Tumeamua kutafuta piano ya umeme iliyotumika, yenye vitufe 88 vizito.

10 Machi: Piano imefika, pedali inafanya kinyume

Kwa anayetaka kununua iliyotumika: pima kitufe kimoja kimoja kuanzia kushoto hadi kulia, raundi ya kwanza kwa mguso mwepesi kabisa, raundi ya pili kwa nguvu. Sensa ya kitufe, yaani kihisi cha mguso, ikichakaa hujitokeza kwa njia mbili. Ama kitufe kinakaa kimya ukikigusa polepole, ama kinalipuka kwa sauti kubwa hata ukikigusa taratibu. Piano ya kwanza tuliyoiona ilikuwa na vitufe vya namna hiyo katikati, mahali ambapo mikono inafanya kazi zaidi, tukaiacha. Tuliyoichukua ina mikwaruzo mwilini. Mikwaruzo haisikiki.

Tulipoifunga piano pamoja na pedali yake, ile ya kukanyaga ili noti ziendelee kuvuma, noti zikawa zinavuma mguu ukiwa juu, na zinakatika mguu ukikanyaga. Tulidhani piano imeharibika njiani. Sababu ni ndogo: kuna pedali zinazofunga saketi zikikanyagwa na nyingine zinazoifungua, na piano nyingi za umeme husoma hali ya pedali pale zinapowashwa. Mume wangu alikuwa ameuweka mguu juu ya pedali wakati wa kuwasha, piano ikaichukulia hali hiyo kuwa ndiyo ya kupumzika. Tulizima, akaondoa mguu, tukawasha tena, ikakaa sawa. Kwa pedali ambayo haitaki hata hivyo, itazame chini. Nyingi zina swichi ndogo ya kugeuza.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyetuambia ni mshindo. Usiku anavaa hedifoni, muziki hausikiki, lakini nyundo zilizo ndani ya vitufe zinagonga na mshindo huo unapita kwenye stendi hadi sakafuni. Chumba cha pili nilikuwa nasikia mapigo ya wimbo mzima bila noti hata moja. Zulia halikusaidia. Kilichosaidia ni vipande vya raba nene chini ya kila mguu wa stendi.

31 Machi: Mwezi uliopotelea kwenye video za taa

Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu ndipo wengi wanapoanzia. Zipo video na programu ambazo zinaonyesha taa zikidondoka juu ya vitufe: taa ikigusa kitufe, nawe unabonyeza. Tulilipia usajili wa moja. Mwanzoni ilionekana ni muujiza. Baada ya muda mfupi mume wangu alikuwa anapiga mwanzo wa "Mannenberg" ukautambua.

Kisha nikazima skrini. Vidole vilisimama palepale. Nikamwomba aanzie katikati, hakuweza; ilibidi arudi mwanzo kila mara ili kuipata sehemu inayofuata. Nikamuuliza mkono wa kushoto unapiga noti gani, hakujua, ingawa sekunde chache kabla ulikuwa unazipiga. Alichokuwa amekariri ni mpangilio wa taa, na wimbo wenyewe haukuwa umeingia.

Alisononeka, kwa sababu sikioni wimbo huo anao wote. Ukimwambia auimbe atakuimbia sauti ya kila chombo, pamoja na saksofoni ya tena ya Basil Coetzee na ya alto ya Robbie Jansen, kama zilivyo kwenye rekodi ya mwaka 1974. Hapo ndipo tukaona njia. Mtu anayeweza kuimba kila sehemu hana haja ya taa. Anahitaji kuunganisha alichonacho sikioni na majina ya vitufe.

Usajili tumeukata. Utaratibu mpya ni huu: haruhusiwi kupiga kitu ambacho hajakiimba kwanza, na kila sehemu ya wimbo ina alama ya penseli ya mahali pa kuanzia, A, B, C, D. Nikitaja herufi yoyote, aanzie hapo.

21 Aprili: Kodi nne na besi ya tatu

"Mannenberg" imesimama juu ya mzunguko wa marabi, muziki wa piano na kinanda uliokuwa ukipigwa kwenye vilabu vya pombe vya vitongoji vya Johannesburg tangu miaka ya 1920. Mzunguko una kodi nne, yaani makundi manne ya noti zinazogongwa kwa pamoja, halafu unarudi mwanzo, tena na tena. Kwenye rekodi wimbo unakwenda zaidi ya dakika 13 na kujaza upande mzima wa santuri. Ukiweza mzunguko, umeshika uti wa mgongo wa wimbo. Ukiukosea, unaukosea kwa dakika 13.

Tuliupanga kwenye ufunguo wa F, kila kodi ikikaa mapigo manne. Kwa solfa, besi yake nilidhani ni do, fa, do, so. Mume wangu akaipiga hivyo na akasema palepale kwamba sivyo. "Inatua mapema," aliniambia. "Yeye hatui pale."

Alikuwa sahihi. Kodi ya tatu ni kodi ya do, lakini besi yake ni so. Kwa hiyo mkono wa kushoto unakwenda do, fa, so, so: F, B flati, C, C. Kwenye kodi ya tatu mkono wa kulia tayari umerudi nyumbani, ila wa kushoto bado uko njiani, na hicho ndicho kinachoufanya mzunguko uendelee kuzunguka bila kuchosha. Ukipiga do kwenye besi, kila mzunguko unajifunga katikati na msikilizaji anasikia wimbo ukisimama mara mbili.

Kwa mkono wa kulia tulijaribu kwanza kupiga kila kodi ikianzia noti yake ya msingi. Mkono ulikuwa unaruka kama panzi na kuchelewa kila mara. Tukabadilisha mpangilio ili vidole visogee kidogo iwezekanavyo:

kodi ya kwanza: A, C, F
kodi ya pili: B flati, D, F
kodi ya tatu: A, C, F
kodi ya nne: G, B flati, E

Tazama kinachotokea. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, kidole cha F hakiondoki mahali pake. Kutoka ya tatu kwenda ya nne, vidole vyote vitatu vinashuka hatua moja tu kila kimoja. Ukiunganisha na C ya mkono wa kushoto, kodi ya nne inakuwa C yenye saba yake, ambayo ndiyo inayovuta kurudi mwanzo. Mkono hautoki mahali ulipo. Baada ya badiliko hili aliweza kufumba macho na kuupiga mzunguko huku akizungumza nami. Hicho ndicho kipimo chetu cha kwamba kitu kimeshikika: mikono inaendelea wakati mdomo unafanya kazi nyingine.

5 Mei: Rekodi na piano hazielewani

Alipotaka kupiga pamoja na rekodi, kila kitu kilikuwa kichungu. Ukipanda nusu toni, yaani kitufe kimoja, kichungu. Ukishuka, kichungu. Nakala tuliyo nayo imekaa katikati ya vitufe viwili.

Jambo hili ni la kawaida kwa rekodi zilizopitia kanda na santuri. Kasi ya mashine ikizidi kwa asilimia 6, sauti hupanda takriban nusu toni. Ikizidi kwa asilimia 3, unaangukia katikati, mahali ambapo piano haina kitufe. Aidha, piano ya studio yenyewe inaweza kuwa haikulingana na kipimo cha leo.

Njia za kurekebisha ni mbili. Ya kwanza ni kusogeza piano: piano nyingi za umeme zina mpangilio wa sauti ya msingi, kwa kawaida herzi 440 kwa A ya katikati, na unaweza kuupandisha au kuushusha. Ya pili ni kusogeza rekodi kwa programu ya kompyuta, kwa vipimo vya senti; nusu toni moja ina senti 100. Tumechagua ya pili, ili piano ibaki 440 na masikio yake yasizoee kipimo cha rekodi moja.

Namna ya kujua umefika: shikilia noti moja ndefu kwenye piano sambamba na ileile kwenye rekodi. Zikikaribiana bila kufanana utasikia mtetemo, sauti ikipanda na kushuka kama inayumba. Sogeza kidogo kidogo. Kadiri unavyokaribia, kuyumba kunapungua kasi, na mwisho kunatoweka. Mume wangu alikuwa amefumba macho, mkono umeinuliwa juu, nami nasogeza. Aliushusha mkono pale mtetemo ulipokwisha na hatukugusa tena.

Programu hiyohiyo inapunguza kasi bila kushusha sauti. Asilimia 70 inatosha kwa kujifunza. Chini ya nusu, noti zinaanza kuburutika na mapigo hayasikiki tena kama mapigo.

2 Juni: Mkono wa kushoto unasubiri

Nilirekodi mazoezi ya wiki na tukakaa kuyasikiliza. Kwenye kila mzunguko, kabla ya kodi ya nne, wimbo ulikuwa unasita kidogo. Akiwa anapiga hausikii. Akiisikiliza rekodi anauona mara moja.

Metronomu ya kawaida, inayolia kila pigo, haikutibu. Alikuwa anaifuata: inalia, naye anapiga, akichelewa kidogo kila mara. Kilichotibu ni kuipunguza kasi nusu na kuhesabu kila mlio kuwa pigo la pili na la nne. Wimbo ukiwa na mapigo 120 kwa dakika, metronomu inawekwa 60. Pigo la kwanza na la tatu hayana mlio, inabidi ayabebe mwenyewe. Siku za mwanzo alipotea kabisa. Dawa ya kupotea ilikuwa kuacha piano, kukaa kitini na kupiga makofi ya pili na ya nne huku rekodi inacheza, hadi mwili ukubali.

Tumekubaliana pia kuhusu mimi. Nilikuwa nikiwahi kusema "umekosea" kabla hajaisikia mwenyewe, na hilo lilikuwa linamkata. Akaniambia kwa upole, "Nisikilize tu, mke wangu. Ukiona kitu, kirekodi, nitakisikia." Sasa nabonyeza kitufe cha kurekodi, nanyamaza. Makosa anayoyagundua mwenyewe hayarudi upesi.

16 Juni: Sauti ya misumari

Bado alikuwa analalamika kwamba "Mannenberg" yetu haina ukali wa ile ya kwenye rekodi. Hapa ujuzi wake wa historia ulitufaa. Piano iliyotumika mwaka 1974 ilikuwa ya kusimama, yenye nyundo zilizochomekwa vipini vidogo vya chuma, ndiyo maana inalia kama chuma kinagusa chuma.

Mwenye piano ya kweli asijaribu kufanya hivyo kwenye ya kwake. Vipini vinaharibu manyoya yaliyobanwa ya nyundo, na kikichomoka kimoja kinaweza kuumiza nyuzi. Kwenye piano ya umeme tafuta sauti inayoitwa "Honky-tonk". Kwenye vyombo vinavyofuata General MIDI, orodha ya namba za sauti inayofanana kwa vyombo vingi vya umeme, ni namba 4. Si sawasawa na rekodi, maana inapatikana kwa kuziachanisha nyuzi kidogo, lakini ilimfanya acheke kwa furaha, akapiga mzunguko huo jioni nzima.

Tatizo la mwisho la wimbo huu: melodi kwenye rekodi ni ya saksofoni, na mkono wa kulia hauwezi kushika melodi na kodi zote tatu kwa wakati mmoja. Tuliamua melodi itangulie. Kodi zinaingia pale tu melodi inapopumua. Mkono wa kushoto umeongezewa noti ya tano juu ya besi ili pasiwe patupu. Tumeufupisha: mzunguko peke yake, melodi, sehemu huru, melodi tena, mzunguko wa kumalizia. Wimbo wa kwanza umekamilika.

21 Julai: "The Wedding" na matope ya pedali

Huu ni wimbo wa taratibu, na tulidhani utaingia haraka. Haukuingia. Taratibu maana yake ni kwamba kila noti inasikika, na kila kosa pia.

Kwenye rekodi tuliyoifuata saksofoni ya alto ndiyo inayobeba melodi na piano iko nyuma, kwa hiyo kodi zilikuwa ngumu kuzisikia. Tulizikisia moja moja na zikawa hazishikani. Mume wangu akakumbuka kwamba bibi yake Abdullah Ibrahim alikuwa mpiga piano wa kanisa la AME (African Methodist Episcopal), na kwamba tenzi za kanisani ndizo alizokulia. Akasema tuache kuzitafuta kama kodi za jazi, tuzitafute kama sauti nne za kwaya.

Hapo ikawa zamu yangu. Tuligawana: mimi soprano na alto, yeye tena na besi, tukaimba kwa solfa mstari mmoja mmoja kufuata rekodi. Besi ilipatikana kwanza, kisha soprano, na zile mbili za katikati zikajileta zenyewe, kwa sababu sauti ya mwimbaji wa kwaya haipendi kuruka mbali. Kodi ambayo tulikuwa tumeikisia vibaya kwa wiki kadhaa ilipatikana jioni ileile, kwa sababu alto isingeweza kwenda mahali tulipokuwa tumeipeleka. Ni jioni ninayoikumbuka kuliko zote za mradi huu.

Kisha pedali. Alikuwa anakanyaga sambamba na kodi, na kila kodi mpya ilikuwa inaingia juu ya mabaki ya ile ya zamani. Sauti ikawa tope. Utaratibu sahihi ni kupishana: vidole vinaposhuka kwenye kodi mpya, mguu unainuka; kodi ikishalia, mguu unashuka tena kuidaka. Mguu unakuja nyuma ya vidole. Alizoea kwa kufanya mazoezi ya kodi mbili tu, bila wimbo wowote, polepole mno, akisikiliza kama kati yake pana pengo au tope. Pasipo kimojawapo, umepata.

Kuna somo la ukimya pia. Abdullah Ibrahim anampenda Thelonious Monk, mpiga piano wa jazi wa Marekani, na hilo linasikika katika namna anavyoacha nafasi. Mume wangu alikuwa anajaza kila pengo kwa noti za mapambo. Nilimrekodi akipiga na mapambo, kisha bila mapambo. Alisikiliza zote mbili akayafuta mwenyewe.

18 Agosti: "Bra Joe" na maumivu ya mkono

Wimbo huu unafungua albamu "African Piano", aliyoirekodi peke yake mbele ya watu mjini Copenhagen mwaka 1969. Hakuna saksofoni ya kukuficha wala ngoma ya kukubeba. Mkono wa kushoto una besi fupi inayojirudia bila kuchoka, na wa kulia unazungumza juu yake. Tuliifupisha besi hiyo iwe umbo ambalo mwanafunzi analiweza.

Baada ya dakika chache za kuirudia, mkono wa kushoto ulianza kuwaka kutoka kifundoni hadi kiwiko. Akataka kuendelea kwa kuamini kwamba misuli itazoea. Tulisimamisha. Maumivu kwenye piano si ya kuvumilia. Ukiyapigia juu yanaweza kukuweka nje kwa miezi.

Tuligundua mambo mawili. Kiti kilikuwa kifupi, viwiko viko chini ya vitufe, vifundo vimekunjwa kwenda juu. Tumepata kiti kinachopandishwa, sasa kigasha kiko sambamba na vitufe. Pili, alikuwa anapiga kwa nguvu ya vidole peke yake na kubaki ameshikilia kitufe kwa nguvu ileile. Kitufe kikishashuka, nguvu ya ziada haiongezi sauti yoyote. Anayejifunza besi inayojirudia aache kigasha kizunguke kidogo kushoto na kulia, kama anayefungua kitasa, ili uzito wa mkono ufanye kazi.

Tulianza upya kwa kasi ya chini, dakika tano kwa mkupuo kisha mapumziko. Kasi inapanda pale tu mkono unapomaliza dakika hizo ukiwa laini. Kazi ya kuunganisha mikono miwili ilichukua muda mrefu zaidi kuliko kitu kingine chochote humu. Njia iliyofaa: kushoto kunazunguka bila kukoma, na kulia kunaruhusiwa noti moja tu, popote inapoangukia. Ikishatulia, noti mbili. Ikishatulia, kifungu. Kushoto kukitetereka, kulia kunanyamaza kwanza.

15 Septemba: Taa nyekundu

Nyimbo zote tatu zinapigika akiwa peke yake. Nikiwasha kurekodi, zinavunjika. Tumebadilisha kitu kimoja: narekodi kila kikao kuanzia anapokaa hadi anapoinuka, kiasi kwamba kurekodiwa kumekuwa hali ya kawaida. Pia anafanya zoezi la kukosea kwa makusudi, anapiga noti isiyo yenyewe na kuendelea bila kurudi nyuma. Kurudi nyuma kusahihisha kunaua wimbo kuliko noti mbaya.

9 Oktoba: Siku yenyewe

Amepiga zote tatu jioni, kwa mpangilio tuliokubaliana, watu wa nyumbani wakisikiliza. "Mannenberg" ilikwenda vizuri na ilichangamka. "The Wedding" ilikuwa na kodi moja iliyopotea njia. Hakusimama, mguu uliisafisha na kodi iliyofuata ikaingia safi.

"Bra Joe" ndiyo iliyotaka kutuangusha. Katikati, mkono wa kulia ulisahau mahali ulipo. Akauinua kabisa. Kushoto kukaendelea peke yake, mzunguko mmoja, mwingine, kwa utulivu, na waliokuwa wakisikiliza walidhani ndivyo wimbo ulivyo. Akasubiri hadi alama C ilipojileta sikioni, akaingia hapo, akamaliza. Zoezi la Agosti ndilo lililomvusha.

3 Novemba: Gharama, na kinachofuata

Piano yenyewe ilikula zaidi ya nusu ya fedha zote. Baada yake ni kiti cha kupandishwa, ambacho tungekinunua siku moja na piano kama tungejua, kisha hedifoni, pedali na raba. Programu ya kupunguza kasi ya rekodi ilikuwa ya bure. Kilichopotea bila faida ni usajili wa taa. Kwa upande wa muda, mikono miwili ya "Bra Joe" na kodi za "The Wedding" zilichukua sehemu kubwa kuliko mengine yote yakijumlishwa.

Ningeshauri anayefuata njia hii abadilishe mpangilio wetu: aanze na mzunguko wa kodi nne, kisha besi ya "Bra Joe" kwa kasi ndogo mapema iwezekanavyo ili mkono wa kushoto upate miezi mingi, na "The Wedding" aiweke mwisho.

Mume wangu ameshachagua wimbo wa nne, "Water from an Ancient Well". Jana tumeanza kuimba besi yake. Nitaongeza ingizo jingine mikono yote miwili ikishakutana.